Gaden insui: neno lililozaliwa kwenye jaruba

Kamusi nyingi za Kijapani hulimaliza neno gaden insui kwa mstari mmoja: kusema au kutenda kwa namna ya kujinufaisha mwenyewe. Mwanafunzi wa lugha hukariri, hujibu mtihani, husonga mbele. Mimi nilishindwa kusonga. Nimekulia kwenye majaruba ya mpunga chini ya mji wa Moshi, najifunza Kijapani kwa ajili ya kazi ya ukalimani, na nilipoziona herufi nne za neno hilo zimepangwa pamoja niliona mfereji, niliona lango la maji, niliona watu ninaowajua wakibishana usiku na majembe mikononi. Mstari mmoja haukunitosha. Nikaamua kulifuata neno hadi kwenye tope lake.

Herufi ya kwanza, ga, ni mimi au -angu. Ya pili, den, ni jaruba. Ya tatu, in, ni kuvuta. Ya nne, sui, ni maji. Kuvuta maji kwenye jaruba langu.

Nasema jaruba makusudi, sisemi shamba. Herufi ya den ni 田, na ukiitazama utaona mraba wenye kingo mbili zinazokatana katikati. Kule China ilikotoka, herufi hiyo inaweza kuwa shamba lolote. Wajapani walipoichukua waliibana: kwao ta ni shamba la maji, shamba la mpunga, basi. Shamba kavu la mboga au ngano waliliundia herufi yao wenyewe, 畑, ambayo ni 田 ileile iliyowekewa alama ya moto ubavuni, na wakaliita hatake. Kwa hiyo anayetafsiri gaden insui kuwa ni kuvuta maji shambani kwangu ameshaacha nusu ya habari njiani. Mwenye bustani ya nyanya anaweza kumwagilia kwa ndoo zake na jirani asijue. Mwenye jaruba hawezi. Hakuna namna ya kuingiza maji kwenye jaruba lako bila kugusa jaruba la mwenzako.

Asiyewahi kulima mpunga anaweza kudhani jaruba hujazwa mara moja na kazi ikaisha. Nchini Japani jaruba lililokwisha kupandikizwa hupoteza kina cha milimita kama 20 hadi 30 za maji kila siku. Mengine huchukuliwa na jua, mengine hupitia kwenye majani ya mpunga, mengine huzama ardhini. Chukua milimita 25 tu kwenye jaruba la mita 30 kwa 100, ambalo ndilo jaruba la kipimo cha kawaida huko tangu kazi ya kupanga upya mashamba iliposhika kasi miaka ya 1960. Ni lita 75,000 kwa siku, jaruba moja. Na huo ndio wakati wa utulivu. Wakati wa kuchavanga, ambao wao huuita shirokaki, udongo mkavu unatakiwa ulowe, ujae, ugeuke tope laini lililosawazishwa kabla miche haijatoka kitaluni. Hapo jaruba hilohilo humeza milimita 100 hadi 150, yaani lita 300,000 au zaidi. Na hakuna anayechavanga peke yake. Miche imekua kwa pamoja, msimu ni mmoja, kijiji kizima kinataka maji mengi kuliko wakati wowote, katika wiki zilezile.

Zamani majaruba mengi ya Japani hayakuwa na mfereji wake. Maji yaliingia jaruba la juu, yakapita kwenye tundu la ukingo yakashuka la pili, kisha la tatu, hadi la mwisho kule bondeni. Utaratibu huo unaitwa tagoshi, maji kuvuka jaruba kwa jaruba. Mahali yanapoingilia ni minakuchi, kinywa cha maji.

Minakuchi si kitu kikubwa. Ni nafasi ya upana wa jembe kwenye ukingo, huzibwa kwa kipande cha ubao au bonge la udongo. Ukilisogeza bonge kwa mguu, maji yanaingia kwako. Ukilirudisha, yanapita kwenda kwa mwingine. Haihitaji nguvu wala chombo, na ukifanya gizani hakuna sauti. Sehemu nyingi za Japani zilikuwa na ibada ndogo mahali hapo: siku ya kusia mbegu, mkulima alisimika maua au tawi kwenye kinywa cha maji cha kitalu, akaweka punje zilizokaangwa, akamwomba mungu wa jaruba. Sadaka haikuwekwa katikati ya miche. Iliwekwa pale ambapo kiganja cha udongo huamua nani atavuna.

Ukishafahamu hivyo, gaden insui linabadilika sura. Kamusi inazungumzia tabia ya mtu, ubinafsi wake. Jaruba linazungumzia mahali alipo. Aliye juu ya mfereji hahitaji kuwa na roho mbaya ili kumkausha aliye chini. Inatosha asifanye jambo lolote, aache bonge lake lilivyo, alale. Na aliye chini, hata awe mchoyo kiasi gani, hana cha kuvuta. Ninaamini hapa ndipo uzito wa neno ulipo. Linamlaumu mtu kwa kuitumia nafasi ambayo mteremko wa ardhi umempa, huku akijua fika nani yuko chini yake.

Wajapani waliliona jambo hili zamani, na wakaliweka hata jukwaani. Katika michezo yao ya kale ya kuchekesha iitwayo kyōgen, upo mmoja unaohusu mtu na baba mkwe wake ambao majaruba yao yamepakana. Ni wakati wa ukame. Mmoja anafika, anaona maji yamegeuziwa upande wa pili, anayarudisha kwake. Mwenzake anafika, anayageuza tena. Maneno yanakuwa makali, wanarushiana maji, kisha tope, mwisho wanashikana mwilini. Binti wa mmoja, mke wa mwingine, anakuja mbio kuamua, na anaishia upande wa mumewe. Mzee anabwagwa chini. Watazamaji hucheka. Lakini aliyetunga mchezo ule alijua anachokisema: maji ya jaruba yana uwezo wa kumfanya mtu amrushie tope baba wa mkewe.

Nje ya jukwaa haikuwa kichekesho. Vijiji viliweka mizuban, walinzi wa maji, waliokesha kwenye mabanio na mahali mifereji inapogawanyika. Palikuwa na neno la mwizi wa maji, na mwizi huyo alihesabiwa mwizi kamili, ingawa hakuondoka na kitu mkononi. Pia palikuwa na mgao wa zamu, ambao huitwa bansui. Ban ni zamu, sui ni maji. Neno hilo sikulifungulia kamusi. Kwetu tunasema zamu ya maji, na mtoto wa Chekereni, kijiji kimoja cha majaruba yetu, anajua zamu ya maji kabla hajajua kusoma saa.

Nawataja watu wa Sanuki, ambayo leo ni Kagawa, mkoa mdogo kuliko yote ya Japani kwa eneo. Mvua yake ni ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka, wakati wastani wa nchi ni karibu 1,700, na mito yake ni mifupi, maji hukimbilia baharini. Kwa hiyo walichimba mabwawa. Mpaka sasa mkoa ule una mabwawa ya kumwagilia zaidi ya 12,000. Kubwa lao, Mannō-ike, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 8, na mwaka 821 mtawa Kūkai, ambaye ni mzaliwa wa eneo hilo, alisimamia kulijenga upya baada ya kuta zake kuvunjika. Hata hivyo mabwawa hayakutosha miaka ya kiangazi. Wakapima zamu kwa vijiti vya udi. Kila jaruba lilikuwa na kipimo chake cha udi kulingana na ukubwa wake. Kijiti kinawashwa maji yanapofunguliwa, kikiisha maji yanahamia kwa mwingine. Hapakuwa na saa mifukoni, na jua si shahidi wa kutegemewa siku ya mawingu. Udi unaungua mbele ya macho ya wote wawili, anayemaliza na anayesubiri. Utaratibu huo uliitwa senkōmizu, maji ya udi, na mimi nauhesabu miongoni mwa mambo ya haki kabisa niliyowahi kuyasoma kuhusu kilimo.

Mwaka 1994, ukame mkubwa ulipoipiga magharibi ya Japani na bwawa la Sameura linalokihudumia Shikoku, kisiwa ambacho Kagawa ipo ndani yake, likafika sifuri ya akiba yake, wakulima wa Kagawa walirudi kwenye zamu za babu zao. Nchi yenye treni zinazokimbia kilomita mamia kwa saa, na wazee wanajipanga kando ya mfereji kusubiri zamu.

Sasa nije Kawasaki, kwa sababu huko ndiko nilikokiona kitu ambacho kimenifanya niandike makala hii.

Kawasaki ni jiji kubwa lililobanwa kati ya Tokyo na Yokohama, na mtu akishuka treni pale hawezi kudhani kwamba palikuwa nchi ya mpunga. Mwaka 1597 ofisa mmoja wa Tokugawa Ieyasu, mtawala wa eneo hilo wakati huo, aitwaye Koizumi Jidayū alianza kupima mfereji wa kutoa maji mto Tama. Mwaka 1611 ukakamilika. Unaitwa Nikaryō Yōsui, kwa kuwa ulipita katika tarafa mbili, Inage upande wa juu na Kawasaki upande wa chini. Sehemu iitwayo Kuji, maji yaligawanyika kwenda mifereji minne, na kwa miaka mingi kilichogawanya kilikuwa milango ya mbao ya vipimo tofauti. Kwa nje inaonekana haki: lango pana kwa eneo kubwa, lango jembamba kwa eneo dogo. Lakini maji yenye kasi hayapiti kwenye milango kwa kufuata upana peke yake, na milango hufungika.

Kiangazi cha mwaka 1821 mvua ilikataa. Watu wa Mizonokuchi, walio karibu na mgawanyiko, waliuziba mfereji uendao Kawasaki. Kule chini majaruba yakapasuka. Watu wa chini walijikusanya, wakapanda hadi Mizonokuchi, wakaivamia na kuibomoa nyumba ya mkuu wa kijiji. Ukisoma habari hiyo huku neno gaden insui liko mezani, huwezi tena kuliona ni msemo wa kupamba hotuba.

Suluhisho la mgawanyiko ule lilikuja mwaka 1941. Mhandisi Hiraga Eiji alibuni bakuli la zege la mviringo, la aina ambayo Wajapani huiita entō bunsui, mgawanyo wa maji wa mduara. Nilisimama kwenye uzio wake kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Maji ya mfereji hupita kwanza chini ya mto mdogo wa Hirase kwa bomba, kisha yanaibuka katikati ya bakuli kutoka chini. Hapo kasi yake inakufa. Hayaji tena kutoka upande huu au ule. Yanapanda tu, kimya, uso wake ukiwa sawa kila mahali, hadi yanafurika ukingo wa mduara pande zote kwa kina kilekile. Kuta ndogo zimeugawa mduara huo katika vipande vinne, na maji yanayofurika kila kipande yanaangukia mfereji wake.

Kipenyo ni mita 16, kwa hiyo mzunguko wote ni mita 50 na robo hivi. Mfereji wa Kawasaki ulipewa mita 38.471. Wa Negata 7.415. Wa vijiji sita, Rokkason, 2.702. Wa Kuji penyewe, 1.675. Ziangalie tarakimu hizo. Hawakuandika 38 na nusu. Waliandika hadi milimita, kwa sababu kila milimita ya ukingo ilikuwa na mtu chini yake, naye alikuwa anahesabu.

Uzuri wake ni kwamba hakuna lango. Hakuna ufunguo, hakuna mlinzi wa kuhongwa, hakuna bonge la kusogeza kwa mguu. Maji yakija mengi, kila mmoja anapata fungu lake la mengi. Yakija machache, kila mmoja anapata fungu lake la machache, kwa uwiano uleule, na yeyote anaweza kuja kusimama pale akaona kwa macho yake. Mkulima wa chini hakutakiwa kumwamini mkulima wa juu, wala ofisa. Alitakiwa kuamini kwamba ukingo wa zege umelala sawa, na hilo linapimika. Serikali iliuandikisha mgawanyo huo kuwa urithi wa kitamaduni mwaka 1998. Majaruba yenyewe yamekwisha, yamekuwa nyumba, maduka na reli, lakini maji bado yanafurika kwa vipimo vilevile.

Neno nalo lilihama mjini pamoja na watu. Leo utalisikia zaidi kwenye mikutano na magazetini kuliko shambani. Mtu anayetafsiri takwimu ili zimfae yeye, anaambiwa hoja yake ni gaden insui. Lipo pia tumizi la adabu ambalo wakalimani tunakutana nalo mara kwa mara: mzungumzaji anayetaka kutaja kazi ya idara yake mwenyewe hutanguliza kuomba radhi, kwamba hili litaonekana kama navuta maji kwangu, lakini nitalisema. Mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vya siasa vilipokuwa vikivutana kuhusu reli, watu walibadilisha herufi ya mwisho, wakaondoa maji wakaweka chuma: gaden intetsu, kuvuta reli kwenye jaruba langu. Mfano unaotajwa sana ni njia ya Ōfunato mkoani Iwate, ambayo kwenye ramani inapinda kama mpini wa sufuria kwa sababu wanasiasa walivutana ipite kwa wapiga kura wa nani. Neno jipya lilieleweka mara moja, kwa kuwa wasikilizaji walikuwa bado na tope miguuni.

Kwenye daftari langu la ukalimani nimeandika tafsiri ya Kiswahili mbele ya neno hili, na wasomaji wengi watakuwa wameshaifikiria: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwenye mkutano naitumia, na inafika salama. Hata hivyo mwamba ngoma akivuta ngozi kwake, anayepungukiwa hatajwi. Methali yetu inamtazama anayevuta, inatikisa kichwa, inasema ndivyo walivyo. Neno la Kijapani limebeba mtu wa pili ambaye hatajwi pia, lakini kila aliyelima jaruba anamjua jina na nyumba yake. Ndiyo maana nikiwa nakalimani wakulima, siitumii methali. Nasema wazi: kuvuta maji kwako na kumkausha wa chini. Hakuna mkulima aliyewahi kuniomba nirudie.

Na hapa kwetu wa chini yupo. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano wa Tanzania na Japani, ukitumia maji ya mto Rau na chemchemi za Njoro. Eneo lote lilikuwa la hekta 2,300 hivi, na kati yake hekta 1,100 zilitengwa kwa mpunga, katika Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Majaruba yalichongwa mita 30 kwa 100, kipimo kilekile cha Japani. Ilikuja mbegu ya IR54, kupandikiza kwa mstari, mbolea kwa kipimo, na mavuno yakapanda kutoka kama tani 2 kwa hekta hadi 6 na zaidi. Kituo cha mafunzo ya kilimo pale Chekereni kimefundisha wakulima na maofisa ugani kutoka mikoa mingi, na watu wamekwenda kwao wakayarudia yale waliyoyaona. Mimi nimekula shule kwa mpunga huo. Siwezi kuusema mradi ule kwa ubaridi.

Lakini mafanikio yaliyoonekana kwenye majaruba yetu yaliwafikia pia watu walio juu ya mabanio, nje ya ramani ya mradi. Nao walikuwa na ardhi, nao waliuona mto ukipita mlangoni. Wakaanza kulima mpunga. Maji yaliyokuwa yamepigiwa hesabu ya eneo moja yakatumika kwa mawili, na majaruba ya mwisho wa mifereji ndiyo yaliyoanza kulazwa bila kulimwa. Sisi wa chini tulikuwa na ramani, michoro na zege. Wao walikuwa na mteremko.

Ni rahisi kuwaita wao wavuta maji na kulimaliza jambo. Mimi sipendi kulimaliza hivyo. Mlimani juu Wachagga wamechimba mifongo, mifereji yao ya asili, tangu zamani sana, ukoo uliochimba mfongo ndio uliopanga zamu, na wapo wakulima wa upande wa juu ambao familia zao zilitumia maji ya mito hii kabla mhandisi yeyote hajafika na darubini yake ya kupimia. Ukiwauliza, watakwambia aliyevuta maji kwenye jaruba lake ni mradi. Japani kuna kanuni ya kale ya vijijini iitwayo koden yūsen, jaruba la zamani kwanza: anayefungua jaruba jipya, hata awe juu, anasubiri la zamani lishibe. Sheria ya mito ya mwaka 1896, na ile iliyoifuata mwaka 1964, zilizikubali haki hizo za desturi badala ya kuzifuta. Kanuni hiyo imewaokoa wengi wa chini. Ukiileta Moshi inauliza swali gumu kabla haijatoa jibu: jaruba la zamani ni lipi? Lile la ramani ya 1987, au lile la mfongo wa babu?

Sheria yetu ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 inataka anayevuta maji ya mto kwa umwagiliaji awe na kibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ipo tangu 1991 na makao yake ni Moshi palepale, ndiyo inayovitoa. Kwenye karatasi limekaa vizuri. Karatasi, hata hivyo, haikeshi kwenye banio.

Nilimpigia simu mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mgawa maji wa upande wetu, nikamweleza habari za bakuli la Kawasaki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Haya, sema hayo ya Wajapani."

Nikamwelezea maji yanavyopanda katikati, kuta zinavyokata mduara, milimita zilivyoandikwa. Alisikiliza vizuri, anapenda kitu kilichotengenezwa kwa akili. Kisha akasema:

"Hilo bakuli ni zuri sana. Lakini linagawa maji yaliyofika. Yetu hayafiki. Yanakatwa huko juu kabla hata hayajaliona bakuli."

"Kwa hiyo kwetu halifai?"

"Linafaa kati ya Mabogini na Chekereni na Oria. Sisi wenyewe kwa wenyewe. Kwa aliye juu ya banio halifai, maana yeye hayumo kwenye mduara. Na usimwite mwizi, mjomba. Naye ana watoto wanakula huo mpunga."

Hapo alikuwa ameshika kiini cha jambo. Watu wa Kuji mwaka 1941 waliweza kuupima ukingo hadi milimita kwa sababu mifereji yote minne ilikuwa imeshakubaliwa kuwa ni ya mduara mmoja, baada ya karne tatu za kuzozana, kushitakiana na kubomoleana nyumba. Zege lilikuja mwisho. Kwetu zege lilikuja kwanza, na walio juu hawakupewa kipande cha ukingo. Nikiulizwa nini kifanyike, nitasema waingizwe: wahesabiwe majaruba yao, wapewe fungu lenye kipimo, na wawe na kiti kwenye mkutano unaopanga zamu. Fungu letu litapungua. Bora fungu dogo linalofika kuliko kubwa lililobaki kwenye mchoro.

Mjomba aliniuliza jambo moja zaidi, kuhusu wale mizuban waliokesha. Alitaka kujua nani aliwalipa, walio juu au walio chini, maana kwetu mlinzi anayelipwa na upande mmoja huonekana adui wa upande wa pili. Nikamwambia kwamba desturi iliyoenea huko ilikuwa gharama za maji kugawanywa kwa ukubwa wa jaruba: kila anayenufaika na mfereji anachangia kulingana na eneo lake, awe juu au chini, na hata leo vyama vyao vya kuboresha mashamba, vilivyoundwa kwa sheria ya mwaka 1949, hutoza kwa eneo.

"Hata wa juu anachangia mlinzi?"

"Hata wa juu."

"Hilo nitalipeleka kwenye mkutano wa chama," akasema. "Lakini uniandikie kwanza kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, lieleweke kwa mtu aliyetoka shambani na njaa. Na uanze na hao wa udi."

Nimeshaandika ya udi. Sasa niko kwenye sehemu ya michango, natafuta namna ya kuzionyesha hesabu za mita 38.471 na 1.675 kwenye jedwali ambalo Oria na walio juu ya banio wataweza kulisoma wakiwa wamekaa meza moja.